Siku Fundi Miwani Alipoona Chini ya Maji

Shangazi yangu alikua akiamini kwamba miti haina majani mpaka uisogelee. Alidhani ndiyo tabia ya miti: ukiwa mbali ni wingu la kijani, ukikaribia inakunjua majani yake moja moja, kama mtu anayekunjua uso akikutambua. Hakumwambia mtu, kwa sababu alidhani kila mtu anajua. Aliyegundua ni baba yangu, ambaye ni kaka yake. Siku moja alimwonyesha ndege aliyetua juu ya waya wa umeme, na shangazi akauliza waya wenyewe uko wapi.

Babu akampeleka mjini kwa daktari wa macho. Alipovishwa miwani ya kwanza alitoka hadi mlangoni, akasimama kuutazama mti uliokuwa ng'ambo ya barabara, na babu akalazimika kumvuta mkono ili waondoke.

Maisha yake yote nadhani yalianzia mlangoni pale. Alipomaliza shule alirudi kwenye chumba kilekile kuomba kazi yoyote, na daktari akampa ufagio. Alifagia, akafuta vioo, akapanga fremu. Baadaye ikaonekana kwamba wateja waliokuwa wakirudi kulalamika kila mara, miwani inateleza, miwani inabana, walikuwa wakiongea naye kidogo huku akiwashikashika nyuma ya sikio, na hawarudi tena. Daktari akamnyang'anya ufagio, akamweka nyuma ya pazia kwenye meza ya kazi. Mpaka daktari anazeeka na kwenda kupumzika, mjini hakuna aliyemjua kwa jina alilopewa na wazazi wake. Ni Fundi Miwani tu.

Chumba hicho kipo mpaka leo, katikati ya duka la dawa na mahali wanapotoa fotokopi. Ni chembamba kiasi kwamba wateja wawili wakikutana mlangoni lazima mmoja arudi kinyumenyume. Mbele kuna kiti cha kupimia macho na ubao wa herufi. Nyuma ya pazia kuna mashine ya kusagia lenzi, inayodondoshewa maji ili kioo kisipate moto, na visahani vya skrubu ndogo kama mbegu za ufuta. Kuna pia sanduku la fremu zilizokufa ambazo shangazi hakubali zitupwe. Anasema hakuna fremu iliyokufa mwili mzima.

Watu wengi wakikutazama usoni huanza na macho. Shangazi huanza na masikio. Hajawahi kukutana na binadamu mwenye masikio yaliyo sawasawa, anasema, na asiyelijua hilo atakunja mikono ya miwani kwa rula mpaka uzeeni na wateja wataendelea kuisukuma puani kwa kidole. Yeye hupasha mkono wa fremu moto, akaukunja kwa dole gumba, akakuvisha, akakuvua, akakuvisha tena. Ukitoka pale unafika nyumbani unaitafuta miwani yako na kumbe umeivaa.

Mumewe naye alimpata kupitia fremu. Alikuwa kijana aliyeajiriwa karibuni kwenye hifadhi ya pwani, mwenye kofia ya kazi, shati la mifuko miwili na masharubu manene yaliyokuwa na kitana chake maalumu. Watu walimwita Afisa, na yeye hakuwakataza. Aliingia mara ya kwanza na miwani ya jua aliyoikalia. Akatengenezewa. Akarudi, ameikalia tena. Aliporudi kwa mara nyingine, daktari alitoa kichwa nje ya pazia akasema kwamba ama kijana huyu hajui kukaa, ama anajua sana. Wakaoana.

Hifadhi yenyewe iko upande wa kisiwa chetu ambao watu hawaukimbilii. Hakuna mchanga wa kulala. Ni mawe tu, meusi yenye makali, yanayoshuka kutoka kwenye vichaka mpaka majini. Lakini mahali pamoja mawe yamejikunja kama mikono miwili inayobeba mtoto, na katikati maji yametulia, ya kijani, safi. Kuna lango, kibanda cha tiketi, choo, kibao cha makatazo, na ngazi zilizochongwa kwenye mwamba zenye chuma cha kushikilia. Wanaokuja ni wale wanaokuja kuangalia chini: wanavaa miwani ya kuzamia, wanauma mrija wa kupumulia, wanalala kifudifudi juu ya maji, na unaona migongo tu ikielea kimya.

Kazi ya Afisa ilikuwa lango na kibanda. Alikata tiketi, akakodisha vifaa, akahakikisha hakuna anayeondoka na tumbawe mfukoni. Siku za mapumziko shangazi alifuatana naye. Aliiacha miwani yake ndani ya kasha kibandani, akashuka ngazi akipapasa chuma, akajilaza chali majini na kuelea, uso umeelekea mbinguni, masikio ndani ya maji. Aliwahi kujaribu vifaa vya kukodi kama wageni. Alichokiona chini, alituambia, kilikuwa kama rangi iliyomwagwa kwenye bakuli la maziwa. Akajaribu kuvaa miwani yake ya kawaida ndani ya ile ya kuzamia, mikono ya fremu ikaacha nafasi na maji yakaingia mpaka puani. Akaacha. Hakulalamika. Alisema bahari ya juu inamtosha.

Na ya chini alikuwa nayo ya kusimuliwa. Kila walipotoka hifadhini, mezani, Afisa alimweleza kilichokuwa chini siku hiyo. Sisi watoto wa kaka yake tulikuwa tukienda kulala kwao wakati wa likizo, na mimi binafsi nilikuwa naacha kutafuna ili nisipitwe na neno. Alimweleza matumbawe yaliyojikunja kama kabichi, kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, chenye rangi ya jua la jioni, kasa mwenye kovu mgongoni ambaye hula huku amefumba macho. Zaidi ya wote alimweleza samaki chewa, mkubwa kama kabati la nguo, aishiye kwenye pango chini ya mwamba wa kushoto, ambaye Afisa alimwita Mheshimiwa kwa sababu anatoka akitaka na habari zake zinatangulia. Shangazi aliuliza maswali. Mheshimiwa leo alikuwa ameelekea wapi, midomo yake ikoje. Afisa hakushindwa swali hata moja.

Miaka ikapita hivyo. Walipata binti na mtoto wa kiume, wakakua, wakaondoka kwenda kwenye kazi zao. Masharubu ya Afisa yakaingia mvi, na akawa mkuu wa kibanda.

Vifaa vya kukodi vilipoharibika alivileta nyumbani, na shangazi akavitengeneza: mkanda uliokatika, kifungo kilicholegea. Jioni moja akaletewa miwani ya kuzamia ambayo kioo chake kimoja kimechomoka. Alikishika kile kioo akakigeuza. Kilikuwa kioo bapa cha kawaida, kilichokaa kwenye mfereji wa mpira. Alikirudisha mahali pake, akakichomoa, akakirudisha. Halafu akacheka peke yake mpaka Afisa akaja kuuliza kuna nini.

"Mimi kazi yangu ni kuweka vioo kwenye matundu," akamwambia. "Maisha yangu yote. Na haya matundu mawili nimeyatengenezea mikanda tu."

Tangu siku ile, duka likishafungwa, mashine ya nyuma ya pazia iliendelea kulia. Kwanza alibandika lenzi zake za zamani kwa gundi juu ya kioo bapa. Gundi ikaingia ukungu. Akapaka gundi pembeni tu; maji yakajipenyeza katikati. Ndipo akaamua kwamba hakuna kubandika. Akaagiza vioo vinene ambavyo havijakatwa, vya namba ya macho yake, akasaga upande wa mbele mpaka ukawa bapa kama meza, akavikata kwa kufuata umbo la tundu, akavipachika kwenye mfereji wa mpira kama fundi anavyopachika kioo cha dirisha. Cha kwanza kilipasuka. Kilichofuata alikosea katikati yake, akawa anaona vitu viwili viwili. Hakuwa na haraka wala hakukasirika. Baba yangu aliyepita kumsalimu alimkuta akikiambia kioo, kwa upole kabisa, kwamba yeye na kioo hicho watafika tu.

Kujaribu alijaribia kwenye beseni la kufulia, uani. Alitupa vijiko na vifungo chini, akajaza maji, akavaa, akatumbukiza uso. Jirani aliyechungulia juu ya ukuta akaona mtu mzima amepiga magoti, kichwa chote ndani ya beseni, hatikisiki. Alikuja mbio akamvuta kwa mabega na kumsihi, akimkumbusha watoto wake na baraka alizonazo. Shangazi ilibidi amtengenezee chai ili atulie, kisha akamvisha na yeye aangalie vijiko.

Siku ya siku ikafika. Bahari ilikuwa shwari na hifadhi ina wageni wachache. Shangazi alishuka ngazi akiwa ameivaa tayari, na kwa mara ya kwanza hakupapasa chuma, kwa sababu alikiona. Alisimama maji yalipomfika kifuani, akauma mrija, akainamisha kichwa.

Kitu cha kwanza alichokiona ni miguu yake. Hilo hunisimulia kila mara kabla ya mengine yote, eti samaki baadaye. Vidole vyake vya miguu, kila kimoja na ukucha wake, vimesimama juu ya jiwe lenye madoa, na kati ya vidole kijisamaki kisichozidi msumari kinatafuta kitu. Hakuwahi kuviona vidole vyake majini. Alivichezesha, kijisamaki kikakimbia, kikarudi.

Kisha akajilaza, kifudifudi safari hii, na akaenda. Jiwe lilikwisha, chini pakafunguka. Akaona matumbawe yenye matawi kama pembe na kwenye kila tawi samaki wadogo wa bluu waliojificha wote kwa pamoja kivuli chake kilipopita, wakatoka wote kwa pamoja. Akaona kikundi cha vitatange, samaki bapa wa njano na weusi, wanazunguka wawili wawili kama watu waliotoka matembezini. Akaona ua la baharini lenye vidole vingi, na ndani yake samaki wa rangi ya chungwa aliyemtolea macho kwa hasira, mdogo hivyo, akilinda nyumba yake dhidi ya Fundi Miwani mzima. Alicheka. Ukicheka majini miwani inavuja, akajifunza hivyo hapohapo, akasimama juu ya jiwe akamwaga maji, akarudi. Alikaa mpaka midomo ikabadilika rangi.

Kabla ya kutoka akakumbuka kumwamkia Mheshimiwa. Akauendea mwamba wa kushoto. Ulishuka moja kwa moja, laini kama ukuta wa benki, mpaka kwenye mchanga. Akauzunguka. Hakukuwa na pango. Hakukuwa na tundu ambalo kuku angeweza kujificha, seuze kabati la nguo. Akajiambia pengine amechanganya kushoto na kulia, akaenda upande wa pili. Kabichi za matumbawe zilikuwa huko, kweli, nzuri kuliko alivyosimuliwa, lakini pango hapana.

Afisa alikuwa akimsubiri juu na taulo. Alikuwa na furaha kuliko yeye. Alimfunika mabega, akamuuliza ameona nini, ameona nini, na mwishowe akauliza kama amemwona Mheshimiwa.

Shangazi alijifuta uso taratibu. "Leo hakutoka," akasema.

Hilo jibu nimelifikiria mara nyingi. Alikuwa na haki ya kusema lolote, na alichagua kumwachia mlango wazi. Bado hakujua alikuwa akimlinda na nini. Alidhani mume wake ni mtu wa kutia chumvi, basi, na chumvi si dhambi.

Alikuja kujua alipokwenda tena. Alikuwa ameogelea mbali kidogo kuelekea kwenye mdomo wa ghuba, akainua kichwa juu ya maji ili apumzike. Miwani ikiwa usoni, ufuko wote ukasimama mbele yake wazi kama picha: ngazi, kibanda, kibao cha makatazo. Wakati wote wa ndoa yao, akiwa majini, ufuko ulikuwa ukungu kwake, na Afisa alikuwa doa la rangi ya shati lililosogea huku na kule. Sasa alimwona. Afisa alishuka ngazi mpaka ile ya mwisho iliyo kavu. Akavua kofia. Akachuchumaa, akachota maji kwa viganja, akajimwagia kichwani, akajipaka mabegani, akalowesha masharubu kwa uangalifu. Kisha akapanda juu akitingisha kichwa kama mtu aliyetoka kuzamia, na kumwambia mgeni mmoja aliyekuwa akivaa mapezi ya kuogelea miguuni kwamba leo huko chini ni safi kabisa.

Shangazi alibaki akielea. Hakujua acheke au afanye nini.

Nyumbani hakusema kitu, na kunyamaza kwake kulikuwa kwa aina ambayo hata vyombo vinaogopa kugongana. Alikuja kwetu, akakaa jikoni na mama yangu. Mama alisimuliwa habari yote, akaisikiliza mpaka mwisho, akauliza: kwa hiyo wifi yangu unasemaje?

"Wifi," shangazi akasema, "mimi nimeolewa na redio."

Wakacheka mpaka mama akalazimika kushikilia meza. Lakini baada ya kicheko shangazi aliondoa miwani yake, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, na akasema kinachomuuma si hadithi. Kinachomuuma ni kwamba kuna kitu mumewe anakiogopa, wamelala kitanda kimoja miaka yote hiyo, na hajawahi kumwambia.

Hakumsema mbele ya watu, wala hakumtega kwa maswali. Alimwomba apitie dukani baada ya kazi. Alipofika akamwambia akae kwenye kiti cha kupimia. Afisa akafikiri ni habari ya miwani ya kusomea, maana siku hizo alikuwa akilisoma gazeti kwa kulisogeza mbali mpaka mkono unaisha. Shangazi akapitisha kidole usoni mwake polepole: paji la uso, kando ya jicho, shavu, chini ya pua. Pale juu ya mdomo kidole kikasimama.

"Maji yalikuwa yanaingilia hapa," akasema.

Afisa alijigusa masharubu. Nje mashine ya fotokopi ilikuwa ikipiga kelele zake.

"Nani kakwambia?"

"Uso wako. Mpira haushiki juu ya nywele. Kila ulipojaribu kuvaa, maji yaliingia puani. Si ndivyo?"

Ndipo Afisa akamwaga yote. Kabla hajaajiriwa, akiwa kijana, marafiki walimpeleka kuzamia. Masharubu yalikuwa machanga lakini yapo, naye anajivunia. Miwani ikajaa maji, akavuta pumzi, akavuta maji, na wimbi likamburuta juu ya mawe. Kovu la begani alilomwambia mkewe kuwa ni la kuanguka kwa baiskeli, ni la siku ile. Alipoomba kazi waliuliza kama anaijua bahari, akawajibu kuwa amezaliwa ndani yake. Kibandani akawa anasikiliza wageni wanaotoka majini, wamelowa, wanasimulia wote kwa pamoja, na akabeba yale maneno kwenda nayo nyumbani. Mheshimiwa alikuwa samaki wa kweli wa mgeni mmoja wa zamani sana. Afisa alimkuza tu mwaka hadi mwaka.

"Ningekuambia lini?" akamuuliza. "Ulikuwa unafurahi. Ulikuwa unaniuliza midomo yake ikoje."

"Kwa kutoogelea sikulaumu," shangazi akasema. "Nilichokasirikia ni kumtafuta mheshimiwa wa watu mpaka vidole vimenikunjamana." Kisha akaacha utani. "Miaka yote nimeogelea kwenye bahari yako. Sasa twende sote kwenye hii nyingine."

Kulikuwa na jambo moja la kuamua, na si dogo: masharubu. Afisa alijitazama kwenye kioo cha wateja kutoka mbele na kutoka pembeni. Kunyoa yote alikataa. Shangazi, ambaye kazi yake ni kutafuta nafasi pasipo na nafasi, akamwambia haihitajiki yote. Alichukua mkasi mdogo, akamkatia ukanda mwembamba chini ya pua, pale tu mpira unapokaa, akaacha yaliyobaki yaning'inie chini kama kawaida. Kesho yake mwenzake wa kibandani alimwangalia sana, akasema anafanana na mtu aliyeibiwa nusu akaokoa nusu. Kisha shangazi akamtengenezea mumewe miwani ya kuzamia ya kwake, vioo vya kawaida, lakini mpira wake aliuchonga na kuupasha na kuukunja kwa dole gumba kwa siku kadhaa, akimvisha na kumvua, kama anavyofanya kwa masikio ya watu.

Walianza kwenye beseni. Jirani sasa alikuwa mzoefu, akawapungia mkono tu. Kisha ngazi, asubuhi, kabla ya lango kufunguliwa. Magoti. Kiuno. Shangazi alisimama pembeni yake akimshika mkono chini ya maji. Afisa akainamisha uso, na mara akachomoka akikohoa, amemshika mkewe bega kama mtu anayezama, na maji yako kiunoni.

"Kuna maji ndani?" shangazi akauliza.

Akapapasa. "Hakuna."

"Basi unakohoa nini?"

Afisa alifikiri. Akainamisha tena.

Haikuwa siku moja. Kuna asubuhi aliishia magotini na kusema mgongo unauma, na shangazi akakubali kuwa mgongo unauma, wakarudi kunywa chai. Hakumsukuma, hakumdhihaki, hakumwambia mtu kazini. Lakini asubuhi iliyofuata shangazi alikuwa amesimama kwenye ngazi ileile, mkono umenyooshwa. Mimi nikiulizwa ni nini ninachokistaajabia kwa shangazi, sitaji vioo. Vioo vinahitaji akili, na wenye akili wapo. Nitautaja mkono ule.

Mwishowe Afisa akaelea. Waliogelea bega kwa bega juu ya jiwe la kwanza, likaisha, pakafunguka, na shangazi akasikia mkono wa mumewe unabana, unabana, halafu unalegea.

Jioni ile mezani Afisa alikula bila kusema kitu. Mimi nilikuwapo, nilikuwa mtu mzima tayari na kazi yangu, nimepita kuwasalimu. Tulizoea kwamba sahani zikishapakuliwa redio inafunguka. Tukasubiri. Alipomaliza kula akaisukuma sahani mbele.

"Hakuna mgeni aliyewahi kuniambia kwamba kuna sauti," akasema.

Shangazi akamtazama. Sauti aliijua, ni ile chwechwe ya matumbawe, kama mafuta yanayokaanga kitu kwa mbali. Aliisikia tangu mwanzo kabisa, akiwa anaelea chali na masikio yake ndani ya maji. Hakuwahi kuitaja. Alidhani mumewe anaijua.

Basi ikawa zamu yake kusimulia. Alimweleza jinsi inavyobadilika kukiwa na mawimbi, jinsi inavyokuwa kubwa zaidi karibu na mwamba wa kulia, na kwamba kuna siku alipitiwa na usingizi kwa sababu ya sauti hiyo na kukaribia kuelea hadi nje ya ghuba. Afisa aliuliza maswali. Shangazi hakushindwa hata moja, na sidhani kama alitia chumvi.

Habari za miwani ya shangazi zilisambaa kupitia kwa jirani wa beseni, ambaye hana siri. Watu wenye macho ya ukungu walianza kuja dukani kuulizia. Shangazi aliwatengenezea, na zile namba zinazotumiwa na wengi akazitengeneza za ziada, zikawekwa kibandani kwenye rafu, kila moja na namba yake imeandikwa kwenye mkanda. Asiyeona mbali akifika hifadhini sasa hujaribu moja baada ya nyingine akikitazama kile kibao cha makatazo, na akiweza kuyasoma yote anaambiwa aende majini.

Mara ya mwisho nilipokuwa huko, alikuja mama mmoja mshonaji, mtu mzima sana, na wanawe na wajukuu. Wao walikuwa wakija mara kwa mara, na yeye hukaa juu kivulini akilinda viatu na simu zao, maana miwani yake ni minene kama chini ya glasi. Shangazi alimwona, akaenda kukaa kando yake. Sikusikia walichozungumza. Nilimwona tu akimshika nyuma ya sikio, kwanza hili, kisha lile, na baadaye wote wawili wakashuka ngazi wameshikana mikono, polepole, mshonaji akiwa amevaa miwani ya kuzamia kutoka rafuni na amefunga kanga yake vizuri kiunoni.

Alipoinamisha uso mara ya kwanza aliuinua upesi na kumtazama shangazi, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Shangazi akamtikisia kichwa. Akainama tena na hakuinuka.

Wajukuu walichoka, wakatoka, wakakauka, wakala, wakavaa viatu. Wageni wengine waliondoka. Saa ya kufunga ilipita, mwenzake Afisa akaja na funguo, akasema watu wa lango wanauliza. Afisa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini, miguu majini, ameshikilia mapezi yake mwenyewe magotini. Aliitazama ile migongo miwili iliyokuwa ikielea mbali kidogo, kanga ya mshonaji imefunguka na kutanda juu ya maji kama jani kubwa.

"Waambie wangoje," akasema. "Kuna mteja anapimwa macho."